Kumpelekea Mama Mbwa kwa Miguu

Mbwa hapandi basi. Hilo nililijua nikiwa tayari nimesimama stendi ya Kibaigwa na kamba mkononi, na upande wa pili wa kamba yuko mbwa aliyelelewa kwenye ghala la mahindi, mnene, rangi ya gunia. Kondakta wa kwanza alicheka tu. Wa pili akasema mbwa akitapika nitadeki mimi. Dereva wa bodaboda alikubali, nikampakata mbwa mapajani, tukaenda hatua kama ishirini, mbwa akaruka, na mimi nikamfuata bila kupenda. Nikabaki nimekaa chini napangusa goti. Haya, nikasema, tutatembea. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, karani wa ofisi Dodoma, na viatu vya ofisini miguuni. Ndiyo ilikuwa likizo yangu hiyo.

Mama yangu anaishi peke yake Mlali. Alikuwa na mbuzi tisa. Fisi alipochukua wa kwanza, nilimwahidi kwenye simu kwamba nitamletea mbwa. Nikawa naahidi hivyo hivyo kila alipopiga, mara kazi zimebana, mara Bunge linaanza, na fisi naye akawa anakuja kwa wakati wake bila udhuru. Mpaka namwomba mfanyabiashara mmoja wa Kibaigwa anipe mbwa wa ghala lake, walikuwa wamebaki mbuzi watatu. Nilimwambia mama aachane nao, aje akae kwangu mjini. Akanijibu, "Hawa wakiisha, baba, na mimi nimeisha." Sikulala vizuri wiki hiyo. Mbuzi watatu wale walikuwa sababu yake ya kuamka asubuhi, na mimi nilikuwa nimechelewa kwa mbuzi sita.

Kuhusu siku ya kwanza, kutoka Kibaigwa hadi Kongwa, sina mengi ya kujisifia. Upepo wa kipupwe ulikuwa unatupuliza vumbi usoni. Mbwa alikuwa na utaratibu wake: kila penye kivuli analala, na haamki mpaka aridhike. Nilimvuta, nikambembeleza, nikamtukana matusi ambayo karani hapaswi kuyajua. Tukipishana na kuku, anajificha nyuma ya miguu yangu. Nikaanza kujiuliza fisi atamwonaje mlinzi huyu. Kongwa nyumba ya wageni walinipa chumba na wakamkataa yeye, nikaishia kulipia chumba na kulala naye kwenye baraza. Alikoroma usiku kucha. Mimi nilihesabu malengelenge.

Siku ya pili tuliacha barabara, tukashika njia za ng'ombe. Hapo ndipo watu walipoanza. Huku kwetu hupiti mbele ya nyumba ya mtu kama upepo. Unasimama, unasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, unaulizwa za utokako, za wazee, za watoto, za mashamba, kisha unaulizwa uendako. Na mimi nikijibu kweli, "Nampeleka mbwa kwa mama," wanaangaliana. Mbwa? Anaumwa? Kwani Mlali hakuna mbwa? Mke yuko wapi? Nyumba ya kwanza nilieleza yote, pamoja na fisi. Ya pili nikaeleza tena. Ya tatu wakamwita babu aliyekuwa nyuma ya nyumba ili asikie mwenyewe, nikaanza upya, na babu akacheka mpaka akakohoa. Jamani, nilichoka. Nilichoka kutembea, lakini zaidi nilichoka kueleza.

Nyumba ya nne, wanaume kadhaa walikuwa uwanjani wanapiga alizeti. Mzee mmoja akasimamisha fimbo yake, akapokea shikamoo yangu, akaniangalia mimi, akamwangalia mbwa, kisha akaniuliza kwa huruma, "Umepotelewa na ng'ombe?" Maana mwanamume mwenye mbwa na vumbi mpaka magotini, nje ya barabara, huku anatafuta nini kingine? Nikaona mlango wa kutokea. Nikajua atasema pole, hatujamwona, na nitaondoka. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Dume jekundu."

"Alama yake?"

Kila ukoo wa wafugaji una namna yake ya kuchanja sikio la ng'ombe, na mimi nilijua moja tu, ya marehemu baba. Nikaitaja: sikio la kushoto, chale mbili, ncha imekatwa. Mzee akaweka fimbo chini. "Hiyo ni alama ya nani wa Mlali?" Nikamtaja baba. Sijui kwa nini nilimtaja. Nadhani nilifurahi kwamba kuna mtu ameuliza. Mzee akaniambia baba aliwahi kumtafutia fahali wake siku mbili, enzi hizo, mpaka akampata. Kisha akageuka kwa wenzake akasema kitu kwa Kigogo, na wale wanaume wakaziacha alizeti zao pale pale na kuchukua fimbo. Nikasema hapana, wasijisumbue, ataonekana tu. Mzee akadhani ni adabu. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli, na niliitumia kumwuliza njia fupi ya Mlali.

Njia fupi na mbwa yule ilinichukua siku yote iliyobaki. Jua linaelekea kuzama ndipo nilipoiona nyumba ya mama, na uwanjani watu saba, yule mzee akiwa katikati kwenye kigoda. Walikuwa wametafuta makorongo yote tangu asubuhi, wamepiga simu vijiji viwili, kisha wamekuja kwetu kwa sababu dume aliyepotea mara nyingi hurudi mwenyewe kwao. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alijua vizuri kwamba alama ile haijakuwa sikioni mwa ng'ombe yeyote tangu baba alipouza wa mwisho ili mimi nisome. Hakuwa amewaambia. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Nikasema. Nilisimama pale na kamba yangu nikasema hakuna dume, nilichoka kusalimiana. Kwa maneno hayo hayo, Mungu anisamehe. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja aliangalia miguu yake iliyochanwa na miiba. Nikatoa pochi, mzee akaniashiria niirudishe, akasema hawakuja kuuza miguu yao. Aliongea taratibu kabisa: mtu akiita watu watafute ng'ombe wake, watu hao hula kwake, apatikane asipatikane. Nikasema sawa, nakimbia kwa jirani nikanunue mbuzi sasa hivi.

"Usiende kwa jirani," mama akasema. "Hapa ni kwa mume wangu. Wageni wa hapa hawali mbuzi wa kuokota."

Nilimfuata mpaka zizini nikimsihi. Nilimshika mkono, nikamwambia mama, tafadhali, mbuzi hawa ndio nimekuja kuwalinda. Akautoa mkono wangu bila hasira. Akampita mwenye mimba, akampita mdogo, akamfungua yule anayemkamua kwa ajili ya chai yake. Mbuzi alipotolewa nje, mbwa wangu alipiga ukelele akaingia chini ya kihenge cha nafaka, na ndipo wale wanaume walipocheka kwa mara ya kwanza. Nilitamani kuingia huko naye.

Walikula vizuri, na hawakuninunia. Yule mzee alinisogezea mahali pa kukaa, akanisimulia habari za baba ambazo sikuwahi kuzisikia, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Zizini yule mbuzi mwenye mimba alikuwa analia akimtafuta mwenzake. Mama alihudumia kila mtu, akahakikisha wote wana ugali wa kutosha, kisha akaja kwangu wa mwisho na ini kwenye sahani ya bati. Akainama karibu, wageni wasisikie.

"Kula, baba," akasema. "Fisi amekula sita, na wa saba umemla wewe, lakini fisi hajaniita mama hata siku moja."

Nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu alisimama pale akinisubiri nimalize.