Usma ya Bi Oyniso

Jirani yangu Bi Oyniso ana ulimi mkali, lakini hapa mjini Marg'ilon hakuna mwenye mrehani kama wake. Kila Ijumaa huchuma kishada, akakipeleka kaburini kwa mumewe. Usma, ambayo tunaponda majani yake tukapaka nyusi kwa maji yake ya kijani, aliing'oa yote mwaka aliofiwa. Mfiwa hapaki.

Majuzi mke wa mwanawe, Muqaddas, akaipanda tena, palepale juani penye mrehani. Ikanyauka.

"Nani kakwambia usma inakaa juani?" Bi Oyniso akamwuliza. "Mrehani ndio unaopenda kuchomwa. Hii inataka kivuli, na maji asubuhi na jioni."

"Basi niing'oe, mama?"

"Nimesema uing'oe? Ihamishie kule ukutani, karibu na mfereji."

Mimi ningeshamjibu vibaya. Muqaddas akaihamisha, na tangu hapo nikawa namwona Bi Oyniso akiimwagilia mwenyewe, akidhani hakuna anayemtazama.

Jana Muqaddas aliponda majani bakulini, akazungushia pamba njiti ya kiberiti, akaanza kujipaka.

"Unapaka nyusi au unapaka ukuta chokaa?" mama mkwe akamwuliza.

"Basi njoo nijifunzie kwenye nyusi zako, mama."

Nikangoja matusi. Bi Oyniso akaketi, akasukuma kilemba nyuma, akafumba macho.

"Anza na huu wa kushoto," akasema. "Marehemu alikuwa akikaa upande huu."