Mpira Ulioanguka Katikati Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika uwanjani saa mbili kabla ya wakati, nikakaa ndani ya gari la mama nikijiuliza kama kuwahi kupita kiasi nako ni utovu wa nidhamu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Shahada yangu ya takwimu ilikuwa bado ndani ya bahasha yake, na mkononi nilikuwa na mkataba wa kucheza besiboli ya kulipwa katika ligi ndogo, kwenye mji ulio mwendo wa saa mbili kutoka Toronto. Mwezi mmoja wa majaribio, kisha wangeamua. Vijana wanaoniuliza leo kazi ile ilikuwaje hutaka kusikia habari za kupiga mpira. Mimi huwaeleza habari za kudaka, maana hapo ndipo riziki yangu ilipokuwa ikining'inia.

Nilicheza shotistopu, yaani mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali inapopita mipira mingi. Chuoni, Kocha Mkuu alinifundisha kupokea mpira wa chini: magoti yakunjwe, glavu iguse udongo kabla mpira haujafika, mkono wa kulia uwe juu yake kama kifuniko cha sufuria. Nilirudia hayo hata kwetu Dixon Road, ghorofa ya kumi na moja, mpaka jirani wa chini akawa anagonga dari kwa ufagio.

"Mipira ya chini unaiweza," Kocha Mkuu aliniambia siku ya kuagana. "Shida yako, ukipewa muda wa kufikiri, unautumia wote."

Mpira unaotoa muda wa kufikiri ni ule wa juu. Mpigaji akiukosea unapaa moja kwa moja, na walinzi wawili wanaukimbilia macho yakiwa mawinguni. Wasipoelewana watagongana vichwa. Kwa hiyo anayeutaka hupaza sauti, "Wangu! Wangu!", na mwenzake husimama. Kati ya shotistopu na mlinzi wa kituo cha tatu, mwenye haki ya kwanza ni shotistopu.

Mlinzi wetu wa kituo cha tatu alikuwa Ramiro, mtu wa Jamhuri ya Dominika, miaka thelathini na saba, ndevu zimeshaingia mvi. Siku ile ya kwanza alinipa mkono, nami nikaupokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, kama nilivyolelewa.

"Mimi si askofu, kijana," akasema. "Vaa glavu."

Wiki ya pili mama alichukua ruhusa kazini, kwenye jiko linaloandaa vyakula vya ndege, akaja kunitazama. Mpira ukapaa kati yangu na Ramiro. Nilikuwa chini yake kabisa. Nikafungua mdomo. Kwa pembe ya jicho nikamwona Ramiro anakuja, nikawaza: nimfokee mtu wa umri wa mjomba wangu, mbele ya kadamnasi? Naye alikuwa akingoja sauti yangu. Mpira ukaanguka katikati yetu, karibu na viatu vyetu, na wapinzani wakapata pointi mbili.

Meneja, mtu mfupi aliyetafuna mbegu za alizeti mchana kutwa, aliniita pembeni.

"Koo linakuuma?"

"Hapana, bosi."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani yeye ataudaka."

"Mashabiki wote walidhani hivyo. Wao hawalipwi." Akatema maganda. "Kaa benchi. Mwisho wa mwezi nitakupa mchezo mmoja. Nikisikia kimya tena, rudi kwenu."

Njiani kurudi, mama ndiye aliyeendesha.

"Yule mzee uliyemwachia mpira ni baba yako?"

"Hapana," nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

"Mjomba wako?"

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kutompazia sauti mkubwa."

Tulikuwa tumefika karibu na uwanja wa ndege wa Pearson, ndege zikipita juu yetu. "Kule jikoni," akasema, "nikibeba sufuria ya maji ya moto namfokea hata msimamizi: Pisha! Awe na umri wa babu, shauri yake. Nisipomfokea nitamuunguza. Hiyo nayo ni adabu, mwanangu."

Nililiwaza hilo benchini wiki mbili nzima, nikilipindua huku na huku.

Mchezo wa mwisho wa mwezi ulipofika, mpira ukapaa palepale. Ramiro akaanza kukimbia. Sikusema "wangu" kama tulivyofunzwa. Lililonitoka lilikuwa neno la mama: "Pishaaa!" Ramiro hajui Kiswahili, lakini alisimama kama mtu aliyeiona sufuria. Nikaudaka.

"Neno gani hilo?" akaniuliza.

"Maana yake nina maji ya moto."

Alicheka mpaka akashika magoti. "Afadhali. Nimekuwa nikiogopa kuvunjwa pua na mtu anayeniheshimu."

Meneja hakunisifu. Alinisukumia mkataba wa msimu mzima juu ya meza bila kuinua macho. Ramiro alistaafu mwaka ule, lakini neno lilibaki, na kila mlinzi mpya alifundishwa.

Nilicheza misimu mitano. Katika ule wa tano bega langu lilichoka, nikahamishiwa kituo cha tatu, na shotistopu akawa kijana aliyetoka chuoni, aliyeniita "bwana". Siku moja mpira ukapaa kati yetu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita tu, lakini nilimwona akinitazama kwa pembe ya jicho, mdomo wazi, hana sauti. Ningeweza kuudaka. Nikasimama na kushusha mikono.

"Sema!" nikamwambia.

"Pisha!" Sauti ilimtoka nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilitoka. Akaudaka.

Msimu ulipoisha nilimuaga Meneja, nikaacha besiboli. Sasa nafanya kazi ya ofisini huko Markham, na kwenye mikutano bado huhesabu hadi kumi kabla ya kusema. Mama huniuliza kama sikustaafu mapema mno. Swali hilo nimelifikiria kupita kiasi, kama kila kitu. Ila mpira ule niliomwachia kijana ulipokuwa hewani sikufikiri hata kidogo. Niliutazama, nikajua si wangu tena.