Nilimushikilia Mutoto Ili Aonekane Anakaa

Mimi ndiye niliharibu, na sitafuti mutu wa kugawana naye kosa. Mutoto wangu wa kiume angeanza kusaidiwa mapema. Nilimuzuia mimi baba yake, mchana kweupe, mama yake akiniangalia.

Kwanza munijue. Niko mutu wa kucheka na wa kuongeza chumvi. Wakati ule nilikuwa nimepata diplome kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari ni papa wa nyumba. Nusu ya mutaa wetu wa Nyakasanza ilikuja kuiangalia ukutani, nusu ingine niliwapelekea kwao. Basi mutoto wa mutu kama mimi angekuwaje na kasoro? Ndivyo nilifikiri, na leo ninaona haya kuandika.

Alizaliwa amechoka, akachelewa kulia. Alipokaribia mwaka alikuwa bado hakai. Ukimuweka chini anaangukia upande kama gunia ya mihogo isiyojaa. Bibi yangu, mama ya mutoto, aliona mapema. Akaniambia kwamba kwenye santre ya afya kuna kine, muganga wa kunyoosha viungo, anayepima watoto wachanga, na wanaoonekana wako nyuma wanaanzishiwa mazoezi bure. Nafasi zilikuwa chache.

Sasa munatujua siye watu wa Bunia na mambo ya kupimwa. Watu wa misaada wakikuja kuuliza, radio inaingia chini ya kitanda, watoto wanavaa nguo ya kupasuka, hata mutu munene anaanza kukohoa. Kila mutu anajishusha ili aandikwe. Mimi, siku ambayo ukweli wenyewe ulitosha, nikajipandisha.

Kwenye benchi karibu yetu alikaa mama mumoja aliyekimbia vita kule Djugu, na mutoto mulegevu kuliko wetu. Nikamuambia bibi yangu kwa sauti ya kusikika: "Ona, ile ndiyo mugonjwa. Hii yetu ni muvivu tu, kama wajomba zake."

Yule mama akafunika mutoto wake na kitenge. Nilicheka.

Tukaingia. Kine akauliza: "Mutoto anakaa peke yake?"

"Madamu, huyu anakaa kama chefu wa kartie, mukubwa wa mutaa muzima. Kesho kutwa ataomba kiti."

"Anashika vitu na mikono yote mbili?"

"Anashika mpaka ndevu zangu ziko zinaisha."

Akasema tumukalishe kwenye mukeka. Nikamukalisha mwenyewe, nikachuchumaa nyuma yake kama papa mupole, nikaingiza mukono chini ya shati lake na kushikilia mugongo. Mutoto akakaa wima kama mulingoti.

Bibi yangu aliona. "Papa, toa mukono," akanong'ona.

"Nyamaza. Weye ulisoma mambo ya mifupa wapi?"

Kine alikuwa peke yake, na watu wamejaa mpaka barabarani. Akaangalia mutoto, akaangalia meno yangu yanayocheka, akasema mutoto haina shida. Nafasi ikaenda kwa yule mama wa Djugu.

Tulirudi na pikipiki, bibi yangu amebeba mutoto. Nyumbani akasema: "Papa, ile haikuwa egzame ya diplome. Pale walikuwa wanatafuta wenye shida."

Nikamukataza kurudi kule. Yeye akamuita yule mama kwetu, kwa siri, amuonyeshe mazoezi aliyofundishwa na kine. Nikawakuta sebuleni wakinyoosha miguu ya mutoto polepole. Nikasema: "Mama, rudisha magonjwa yako kwenye kambi ya wakimbizi. Hii ni nyumba ya mutu wa diplome." Alibeba mutoto wake akatoka, na hakurudi tena.

Tulirudi kwa kine mutoto ameshapita miaka miwili, bado hakai. Miguu ilikuwa imekakamaa na kupishana kama makasi, ngumi moja haifunguki. Akauliza nani alisema huyu anakaa.

"Papa alimushikilia kwa nyuma," bibi yangu akajibu.

Kine hakunigombeza. Alisema atafanya kinachowezekana, lakini ile miezi ya mwanzo, mwili wa mutoto ukiwa bado laini, hawezi kumurudishia.

Yule mutoto wa Djugu anatembea. Anachechemea, lakini anatembea. Nilimuona sokoni akivuta kitenge cha mama yake anunuliwe mukate. Yule mama alinisalimia vizuri, na salamu ile iliniuma kuliko matusi yote ya jimbo letu la Ituri yakiwekwa pamoja.

Juzi kine aliomba kumupima tena. Nikavaa viatu.

"Weye bakia," bibi yangu akasema, akifunga mutoto mugongoni. "Leo wataona mutoto vile iko."

Nikavua viatu.

Wapapa munaosoma hapa, na hasa ninyi wenye midomo kama yangu: mukiulizwa mutoto anafanya nini, muache mama yake ajibu. Na kama mutoto anaanguka, mumuache aanguke mbele ya kine. Wangu anaangukia nyumbani, na sasa amekuwa muzito kumuinua.