Vibuyu Nilivyovipamba Gurei

Mwanangu, jana uliponiwekea mezani zile pakiti zako za mafuta ya lulu, yale ya kokwa za mti wa shea, na kuniuliza kama picha ya twiga inafaa, nilifumba macho ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimerudi Gurei, pale pembeni mwa Juba, kwenye siku moja ya miaka ya sabini, nilipokuwa na umri kama wako na kichwa kigumu kuliko chako.

Tulikuwa tumerejea kutoka ukimbizini Uganda baada ya amani ya mwaka sabini na mbili, wengi wetu tukiwa na sufuria na magodoro, mimi nikiwa na makopo ya rangi. Kampala nilikuwa nimejifunza kuchora mabango na zile karatasi za kubandika kwenye makopo ya majani ya chai. Hapa Juba nikawa wa kila kazi: nilimchorea kinyozi ukuta wake, nikashona nguo za kwaya na kuimba sauti ya pili ndani ya nguo hizo hizo, nikatunga shanga, nikachonga vijiko. Watu wakaniita fundi. Jina hilo nililipenda kupita kiasi, na nakuambia mapema ili usije ukashangaa mbele.

Niliishi kwa shangazi yangu Kiden, dada wa baba. Yeye hakukimbia, vita yote ilimpitia akiwa pale pale. Kazi yake ilikuwa mafuta ya lulu, hayo hayo unayouza wewe leo. Alitwanga kokwa, akachemsha, akaengua mafuta na kuyamimina kwenye vibuyu. Kisha alichukua kisu, akakipasha ncha motoni na kuchoma alama juu ya kila kibuyu. Hapa mistari mitatu, pale nukta, pengine kitu kama njia inayopinda. Hakuna viwili vilivyofanana. Mtu akimaliza mafuta alirudisha kibuyu, na kibuyu hakikurudi kitupu. Ndani ulikuta ufuta, chumvi, mbegu, chochote. Shangazi alikigeuza mara moja tu mkononi, akasema, "Huyu ni mke wa katekista. Amepona sasa, maana ametuma ulezi wa kutosha."

Mimi niliona vibuyu vyeusi kwa moshi, basi. Nikawa namsumbua kila siku. "Shangazi, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Weka mafuta yako kwenye kitu kinachong'aa, hata wageni wanaoshuka kwa ndege watanunua."

Alicheka. "Ya biti, we msichana, mimi nauza tangu wewe hujazaliwa. Umeona mafuta yangu yakilala hapa?"

Kuna jambo jingine, na hili nalisema polepole. Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, Wani. Alikwenda zake wakati wa vita, kibuyu cha mafuta kikining'inia begani, na tangu siku ile habari zake zikakatika. Shangazi hakumtaja sana. Lakini kila kibuyu kiliporudishwa, kabla hajauliza kina nini ndani, alikipeleka kwanza mlangoni penye mwanga. Nililiona hilo kila siku, mwanangu, na hata siku moja sikumuuliza kwa nini.

Basi akaenda msibani Rejaf. Aliniambia atakaa siku nne. Nikasema moyoni, hii ndiyo nafasi yangu: akirudi akute nyumba nzima inang'aa. Nikakusanya vibuyu vyote, thelathini na kitu, nikaketi uani na vipande vya chupa iliyovunjika nikaanza kuviparua. Weusi wa moshi ukatoka, na alama zikatoka, kibuyu kikabaki laini kama shavu la mtoto.

Siku ya pili, nikiwa katikati ya kazi, akaja mwanamke nisiyemjua, mtoto mgongoni, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Akauliza kama hapa ni kwa Mama Kiden. Nikamwambia ndiyo, lakini yuko msibani. Alisimama kidogo akinitazama mikono. Kisha akatoa kibuyu kwenye furushi lake akaniwekea.

"Mpe hiki," akasema. "Atakijua."

Nilimwambia asante, karibu maji. Alikunywa amesimama, akasema lori linamngoja, akaenda. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maharage mekundu makubwa, ambayo huku kwetu hayalimwi. Niliyapika jioni ile. Na kibuyu nikakitupa kwenye lile rundo, asubuhi nikakiparua pamoja na vingine. Ningesema sikusikia alichosema, lakini nilisikia. Nilikuwa na haraka ya kuanza kupaka rangi.

Shangazi aliporudi, vibuyu vilikuwa vimepangwa ukutani, vyekundu na manjano, kila kimoja na ua, na maandishi yangu mazuri: MAFUTA SAFI YA JUBA. Nilisimama kando nikisubiri kusifiwa. Alikaa chini na kitambaa chake cha msibani bado kichwani, akakishika kimoja, akakigeuza, akakiweka. Akashika cha pili. Aliendelea hivyo mpaka cha mwisho, na mimi nikaanza kuogopa.

"Nani alirudisha nilipokuwa sipo?"

Nikamtajia majirani. Kisha nikamtaja yule mwanamke, mtoto, na maharage. Na lile neno lake.

Shangazi aliinuka bila viatu. Tulikwenda mpaka mahali malori ya kwenda Yei yalipokuwa yakisimama, tukamkuta dereva mmoja aliyemkumbuka.

"Yeye iko panda pale Yei na mtoto," akasema. "Siku ile ile yeye kurudi na lori ingine. Jina mimi hapana uliza, mama. Malesh, pole."

Tuliuliza siku nyingi. Hakuna aliyemjua.

Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema neno moja tu, tukiwa njiani kurudi nyumbani: "Uliambiwa nitakijua. Hukuambiwa ukitengeneze."

Kisha akaanza kuikwangua rangi yangu. Alikwangua kibuyu kimoja kimoja, wiki baada ya wiki, akitafuta chini yake ule mchomo aliouchoma kwa mkono wake siku Wani alipoondoka. Hakuupata. Nilikuwa nimeparua vizuri mno. Laiti ningekuwa fundi mbovu, mwanangu! Fundi mbovu angemwachia hata nukta mbili za kuelewa kama mwanawe yu hai, na kama yule mtoto wa mgongoni alikuwa mjukuu wake. Waliosema majuto ni mjukuu hawakukosea.

Shangazi aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Kila siku ya malori alikwenda kusimama pale, akitazama watoto. Mimi nilichora mabango mengi baadaye, nikabuni makaratasi ya sabuni, ya unga, ya asali, nikasifiwa Juba nzima. Bado natamani yule mwanamke arudi aseme tena maneno yale. Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Nikiwa kambini Mangateen, kwa waliohamishwa na vita, au nikimsindikiza mtu uwanja wa ndege, natazama nyuso za watu wa umri wake nikitafuta paji la uso la shangazi. Watu hudhani macho yangu yamechoka.

Sasa sikia nasaha yangu. Sikukatazi uzuri, twiga wako ni mzuri, ingawa miguu umeizidisha. Ila chombo si nguo ya mafuta tu. Kinatoka mkono wa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Kabla hujabadili chombo cha wenzako, kaa na mwenye nacho umuulize kinamwambia nini, na usubiri amalize. Ukipewa ujumbe, ufikishe kwanza, kazi yako baadaye. Na juu ya kila pakiti andika jina la mama aliyeyakamua mafuta na mahali anapoishi, ili anayemtafuta ajue pa kubisha.

Mungu aibariki mikono yako, aipe subira ambayo yangu haikuwa nayo. Akupe wa kukungoja na wa kukurudia. Na kama mtoto wa Wani yu hai, popote alipo, Mungu amfikishie habari kwamba nyumbani alikuwa anangojwa.