Biti za Bei Chee na Jicho la Kaka

Kaka yangu ana jicho moja. La pili nililiharibu mimi, na wala sikumgusa.

Tulikuwa na karakana yetu ya useremala, yeye na mimi. Ikaingia kazi ya maana: kabati la nguo la mbao ngumu, milango yenye nakshi ukingoni.

Mwenye kazi? Baba mkwe wangu. Presha juu!

Kaka akanipa hela. "Kanunue biti ya ruta. Moja tu, ile nzuri. Mbao hizi hazitaki mchezo."

Biti ni kile kichuma cha kukatia. Unakifunga kwenye ruta, mashine ya kuchongea nakshi, kinazunguka kwa kasi isiyoonekana kwa macho.

Dukani nikaona boksi la biti kumi na mbili, zinang'aa balaa. Bei yake haifiki hata nusu ya ile moja nzuri.

"Hizi zinafaa?" nikamuuliza muuzaji.

"Kwa mbao laini, poa tu."

Nilisikia vizuri kabisa. Nikanunua hivyohivyo. Hela iliyobaki nikavuta viatu vipya, nionekane mtu mbele ya mkwe.

"Kaka, nimebahatika," nikamwambia. "Ubora ni uleule."

Akaigeuzageuza moja mkononi. Akairudisha kwenye boksi.

Asubuhi iliyofuata mkwe akaja kuangalia kazi. Kaka akavaa miwani, akawasha ruta.

Moshi! Ukingo wa mlango ukaungua, mweusi tii. Mashine ikaanza kutetemeka.

"Ndivyo inavyokuwa?" mkwe akauliza.

"Ndiyo, baba. Mbao ngumu hizi," nikadakia mimi.

Kaka akanitazama. Akavuta pumzi, akasukuma tena, taratibu.

Paah!

Jino la biti lilibanduka, likatoboa miwani. Kaka akakaa chini kwenye maranda, kiganja usoni, damu inapita katikati ya vidole.

Hospitali walihangaika naye. Jicho halikupona.

Siku ya tatu nikapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Kaka, nisamehe. Zile biti zilikuwa za bei chee. Nilikudanganya."

"Najua."

Nikainua uso.

"Nilijua tangu nilipoishika."

"Sasa kwa nini uliwasha mashine?"

Akanishika mkono.

"Nilipanga asubuhi tukaibadilishe, mkweo akawahi kufika. Alikuwa amesimama pale, mdogo wangu. Ningekuumbuaje mbele yake? Nikasema nipitishe polepole, akiondoka tutafute nyingine."

Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Jamani, biti mbovu haikufichi kitu. Inaunguza, inatetemeka, inapiga kelele. Niliyeficha ni mimi, na aliyenisitiri ndiye aliyeumia.

Ukidanganya, sema mapema, hata mkwe akiwa anasikiliza. Aibu ningeizoea kwa wiki moja. Hili nimeshindwa kulizoea mpaka leo.