Stesheni ya Chini ya Ghorofa Letu

Enzi zetu, sisi tuliolelewa kwenye maghorofa ya Greyville, hapa Durban, mama hakukuuliza unataka kucheza wapi. Barabarani kulikuwa na magari, na kuna nyakati kulikuwa na watu wasiotutaka, kwa hiyo tulicheza chini kabisa ya jengo, kwenye maegesho yaliyonuka oili na ndagala, dagaa wa kwetu, zinazokaangwa juu. Huko ndiko nilikokuwa bosi wa stesheni ya treni. Mimi, Mrundi, ambaye kwetu hata reli hakuna.

Yote yalianzia kwenye kalenda. Baba alikuwa akilinda magari yaliyoegeshwa nje ya duka la vipuri, na mwisho wa mwaka wakampa kalenda yenye picha za Japani. Mwezi mmoja ulikuwa na stesheni ndogo ya kijijini iliyo chini ya ardhi: ngazi ndefu zikishuka gizani, taa chache, benchi moja, na bibi mmoja ameketi na mwavuli wake kana kwamba mvua itamfuata hadi huko. Mwezi ulipokwisha nilikataa katakata ukurasa kufunuliwa, na nyumba nzima ikakosea tarehe hadi Pasaka. Baba alieleza kwamba treni inapita ndani ya mlima, ndiyo maana wanakijiji wanaifuata hukohuko. Mama akaitazama picha, akasema, "Sisi tunachimba chini kutafuta viazi, wenzetu wanatafuta treni."

Divine, rafiki yangu wa ghorofa ya tatu, binti wa mchungaji kutoka Uvira, alinisaidia kuifungua stesheni yetu. Treni tuliiwaza tu, mabenchi yalikuwa kreti za soda, na abiria watoto wa jengo. Honi ilikuwa vuvuzela iliyobaki baada ya Kombe la Dunia, yenye ufa, iliyolia kama ng'ombe mwenye mafua. Mimi nilivaa kizibao cha njano cha kazini kwa baba, kilichonifika magotini, na bendera yangu ilikuwa kitambaa cha kijani cha kufutia vyombo. Divine aliniita Chef, kama wanavyomwita bosi kwao. Nilivimba kichwa hadi nikaanza kutembea mikono nyuma, tumbo mbele, na tumbo lenyewe sikuwa nalo.

Tatizo la treni yetu ni kwamba haikuondoka. Kwetu mtu hafungi safari bila kuombewa, hata kama anaenda hapo jirani Chatsworth tu kumwona shangazi. Basi kila abiria alitaka sala yake, na Divine, aliyerithi koo la baba yake, alianzia kwenye uumbaji wa dunia. Abiria walisinzia juu ya kreti. Mmoja aliitwa kula sombe, yaani kisamvu, akala, akanawa, akarudi akakuta bado tuko kwa Nabii Eliya. Watoto wa leo wangedai warudishiwe data zao. Mimi sikujali, maana anayeinua bendera ni Chef, na bendera isipoinuliwa treni haiendi popote. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Kisha baba yake Divine akapata kanisa Cape Town. Divine aliniambia pale stesheni, akiangalia viatu vyake. Sikulia mbele yake. Nililia nyumbani juu ya beseni la nguo, nikamwambia mama ni sabuni. Sikuwa na rafiki mwingine. Shuleni walicheka Kizulu changu na Kiingereza changu kwa zamu. Divine alivicheka vyote kwa pamoja, lakini alinimegea mkate wake.

Asubuhi waliyoondoka, gari lao lilikuwa palepale maegeshoni, magodoro yamefungwa juu. Nilishuka na kizibao changu. Mchungaji akauliza nani atawaombea. Mimi, niliyezoea kulala kanisani tangu wimbo wa kwanza, nikainua mkono. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: sala isipokwisha, hawaondoki. Nikaombea dereva, matairi, breki, na magodoro moja baada ya jingine. Nikaombea zile taa za barabarani, maroboti yote kutoka Greyville hadi Cape Town, Mungu ayafanye mekundu. Mchungaji akakohoa. Nikaombea ng'ombe wanaovuka barabara, wenye ng'ombe, na majirani wa wenye ng'ombe. Nilipoishiwa na nchi hii nikahamia Japani, nikamwombea yule bibi wa mwavuli treni yake ifike.

"Amina," mama akasema kwa sauti. "Mungu amesikia, mwanangu. Amesikia tangu kwenye matairi."

Watu wakacheka, injini ikawaka, lakini gari halikutembea. Divine akatoa kichwa dirishani. "Chef, bendera iko wapi? Papa anangojea bendera."

Kweli, mchungaji alikuwa ameshika usukani, ananitazama. Kumbe wangenisubiri. Niliitoa bendera mfukoni mwa kizibao, nikaikunja, nikaikunjua, nikamtazama Divine, na yeye akaitikia kwa kichwa. Nikainua. Kisha nikakaa kwenye kreti, na mama alipopanda nyumbani na kuniita dirishani, nikabaki palepale.

Siku hizi vijana wanaagana kwa "sharp" na kidole gumba cha kwenye simu. Mdogo wangu alimsindikiza mchumba wake anayehamia Johannesburg huku akitazama mpira kwenye simu. Nami nimejitia usasa. Divine alipopita Durban majuzi kwa kazi, alikuja kumsalimia mama, ambaye bado anaishi jengo lile. Maegesho sasa yana geti na tangazo la kukataza watoto kucheza. Nilimsindikiza hadi chini, gari aliloliita kwa simu likiwa linangoja. Akafumba macho kungoja sala, nami nikafumba yangu, na kwa kumwonea dereva aibu na kwa kuogopa nitalia, nikasema haraka, "Mungu akulinde njiani, amina."

Nilifungua macho. Yake yalikuwa bado yamefumbwa.

"Chef," akasema, "na maroboti?"