Na Wengine Wengi

Duka langu la dawa liko Mirongo, hapa Mwanza, karibu na kona ambayo watu wengi hupita, kwa hiyo kila mwaka waandaaji wa tamasha la muziki la ufukweni huja kuniomba wabandike bango lao mlangoni. Huwakubalia. Tamasha hilo nimelipenda tangu mwaka wake wa kwanza, lilipofanyika kwenye uwanja wa nyasi kule Ilemela, jukwaa la mbao na spika mbili tu, na sisi watazamaji tumekaa juu ya miamba kama pimbi. Nilipokuja kulilalamikia baadaye, sikulalamika kama mpita njia. Nililalamika kama mtu wa nyumbani.

Bango lenyewe halikubadilika sana mwaka hadi mwaka. Nyuso tatu kubwa za wasanii kutoka Dar es Salaam, wamevaa miwani myeusi. Nyuma yao minazi na mchanga mweupe, vitu ambavyo mtu wa Mwanza akivitaka lazima asafiri siku nzima kuvifuata pwani. Kauli mbiu ya Kiingereza ambayo wateja wangu waliniuliza maana yake na mimi sikuwa na jibu. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama zile za kwenye chupa ya dawa ya macho: "na wengine wengi."

Hao wengine wengi ndio niliokuwa nawafuata mimi. Wapiga zeze kutoka Ukerewe, bendi ya mafundi seremala wa Mkolani, na vikundi vya wigashe, ile ngoma ya Kisukuma ambayo waimbaji huimba wakiwa wameketi, mabega yakifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na miguu. Kuwaona ilikuwa ni bahati. Hakuna aliyejua wangepanda jukwaani siku gani wala saa ngapi. Ukurasa wa tamasha mtandaoni ulitangaza kila asubuhi kwamba zimebaki siku ishirini, zimebaki siku kumi na tisa, kana kwamba tatizo letu lilikuwa kutojua kuhesabu.

Mwaka juzi, wiki chache kabla ya tamasha, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Magu. Shangazi ni mjane, mkulima wa pamba na dengu, na si mtu wa kupiga simu bila sababu. Alikuwa amesikia kutoka kwa jirani yake kwamba kikundi fulani cha wigashe cha kinamama wa Misungwi kitaimba kwenye tamasha. Kiongozi wake, alisema, ni mwenzake ambaye waliimba pamoja walipokuwa wasichana, kabla hawajaolewa, mmoja kuelekea mashariki na mwingine kusini. Hawakuwa wameonana tangu hapo. Akaniuliza kama ningeweza kumpeleka. Nikamwambia aje, kila kitu niachie mimi.

Nilisema hivyo nikijua ninachosema, maana mimi nikiahidi hutimiza. Nikauandikia ukurasa wa tamasha kuuliza wale kinamama wataimba lini. Nilijibiwa kwa vialama vitatu vya moto na maneno "kaa nasi, usikose." Nikapiga namba iliyokuwa kwenye bango. Aliyepokea akasema ratiba itatoka. Nikapiga tena baada ya siku nne, akasema ratiba iko njiani. Shangazi alifika Ijumaa na kitenge kipya na ratiba ilikuwa bado njiani.

Jumamosi nikafanya hesabu zangu. Hakuna mtu mwenye akili, niliwaza, atakayewapandisha wazee jukwaani kwenye jua la mchana. Tukafika saa kumi. Mlinzi wa getini, alipoona kitenge cha shangazi na kusikia tunamtafuta nani, alisema kwa huruma kwamba kinamama wa Misungwi waliimba saa saba. Waliimba vizuri sana. Waliowasikiliza walikuwa yeye, wenzake wanne, na mafundi mitambo waliokuwa bado wanafunga nyaya. Walipomaliza walipakiwa kwenye gari na kurudishwa kwao.

Shangazi aliomba maji, akanywa, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya jukwaa na kukunja mikono. Tulikaa hapo hadi msanii wa kwanza kati ya wale watatu wa kwenye bango alipotokea. Wa pili hakuja kabisa. Walitangaza kwamba ni kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao. Huyu aliyekuja aliruka huku na huku akiimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akaniinamia.

"Mdomo wake unachelewa," alisema.

Ni maneno pekee aliyoyasema kuhusu tamasha lile. Jumapili nilimsindikiza stendi. Alinishukuru kwa chakula na kitanda, na kushukuru kwake kulinichoma zaidi kuliko kama angenigombeza.

Jioni ile niliandika kwenye ukurasa wao, bila tusi hata moja, kwamba kumtangaza asiyekuja na kumficha aliyekuja ni kuwakosea watu. Baada ya saa moja maoni yangu yalikuwa yamefutwa. Nikayaandika tena, yakafutwa tena. Lakini kabla ya kufutwa mara ya pili, watu walikuwa wameshayaona, nao wakaanza kuandika ya kwao. Mmoja alitoka Bukoba kwa meli kumfuata msanii ambaye hakuja. Mwingine alikaa siku nzima akisubiri bendi ya Mkolani, kumbe ilikuwa ya siku inayofuata. Jirani yangu wa dukani, muuza spika na nyaya, ambaye babu yake alifika Mwanza kutoka Gujarat na ambaye huongea Kisukuma kunishinda, alikuja kuniambia kwamba yeye huenda kila mwaka kwa ajili ya wale wapiga zeze na hajawahi kuwapata hata mara moja.

"Dada," aliniambia, "mimi nikiuza redio, kwenye boksi naweka picha ya redio. Hawa wanaweka picha ya friji."

Mwaka jana mabango yalipokuja tena, yalikuwa na minazi ileile. Nilimwachia jirani funguo za duka, nikavaa vizuri, nikaenda ofisini kwao. Sikuwa na miadi. Nilipokelewa na afisa masoko, binti wa miaka kama ishirini na mitano, mwenye adabu, aliyeinuka kitini na kuniamkia shikamoo kabla sijafunga mlango. Nilimweleza habari ya shangazi tangu mwanzo hadi ile safari ya stendi. Alisikiliza bila kuangalia simu yake, na hilo nililihesabu upande wake.

Kisha akaniambia ukweli, kwa upole, kama mtu anayetoa majibu ya vipimo.

"Mama, hao wazee hawauzi."

"Umewahi kujaribu kuwauza?"

Alikiri kwamba hajawahi. Hata kuwasikia hajawasikia, alisema, kwa sababu wao wakiimba yeye huwa hotelini akiwashughulikia wageni wa Dar. Mabango huchorwa hukohuko Dar na mtu ambaye hajakanyaga Mwanza. Wakati anasema hayo, macho yangu yalikuwa ukutani nyuma yake. Palikuwa na karatasi kubwa imebandikwa, imegawanywa kwa mistari: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, saa, na jina la kila kikundi. Wigashe wa Misungwi walikuwa Jumamosi, saa 7:00.

Nikamuuliza kama ile ndiyo ratiba. Akageuka kuitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akasema ndiyo, huwa inakuwepo wiki nyingi kabla. Meneja ndiye aliyekataza isitolewe. Hofu yake ni kwamba watu wakijua saa, watakuja kumsikiliza wanayemtaka tu na kuondoka.

"Na wasiojua saa," nilimwambia, "hawaji kabisa. Mwambie hilo."

Binti akaitazama tena ile karatasi, akasema anaenda kuchukua maji ya kunywa na atachelewa kidogo kurudi. Nilitoa kalamu yangu, ile ninayoandikia vidonge viwili mara tatu, nikainakili ratiba yote nyuma ya daftari langu la oda. Aliporudi nilikuwa nimekaa na mkoba magotini. Hatukuzungumza tena habari ya ukuta.

Siku ya pili yake, bango langu lilikuwa mlangoni. Karatasi nyeupe, wino mweusi, rula, hakuna picha. Juu yake niliandika nani anaimba, siku gani, saa ngapi, na kwa kuwa nilijua watu wangu, kila saa niliiongezea neno: mchana, alasiri, jioni. Jirani alitoa nakala na kuzigawa kwa wenye saluni, mafundi cherehani na wauza mitumba. Watu walisimama mlangoni kwangu wakipiga picha. Kabla ya wiki kwisha, nililiona bango langu likirudi kwangu kwenye simu, limetumwa na mteja wa Sengerema aliyedhani mimi sijaliona.

Meneja alikuja mwenyewe. Mwanaume mrefu, mwenye haraka, aliyesimama mbele ya kaunta wakati nampimia mama mmoja presha, na nikamwacha asubiri hadi nimalize. Alitaka niliondoe lile bango. Alisema ratiba ni mali ya tamasha, alisema nawaharibia mpango, akataka kujua nimeipata wapi. Nilimjibu kwamba nimeipata kwenye mpango wao huohuo. Jina la binti halikunitoka mdomoni.

"Kaka," nilimwambia, "bango lako nimelibandika miaka mitano bila kukuuliza kama ni la kweli. Hili langu ni la kweli. Kama kuna kosa, nionyeshe nilirekebishe sasa hivi."

Alilisoma lote kutoka juu hadi chini. Hakuonyesha kosa. Akatoka bila kuaga, na mama wa presha akaniambia presha yake imepanda kwa kusikiliza tu.

Kesho yake ratiba ilitoka kwenye ukurasa wa tamasha, kwa rangi nne, kana kwamba ilikuwa inakuja siku zote. Nilifurahi hadi nilipofika kwenye mstari wa Jumamosi. Aliyeiandaa, pengine hukohuko Dar, alikuwa ameona saa 7:00 na kuichukulia kama saa za Kizungu bila kufikiri. Wigashe wa Misungwi walikuwa wameandikwa 7:00 PM. Yaani saa moja jioni, ile saa ambayo uwanja hujaa.

Nikampigia binti. Alikuwa ameshaliona, na sauti yake ilikuwa na kicheko alichokuwa anakibana. Alinieleza kwamba meneja aliambiwa kosa hilo asubuhi, lakini chini ya tangazo lile watu zaidi ya mia walikuwa wameshaandika kwamba watakuja na mama zao, watakuja na bibi zao, hatimaye kuna kitu cha wazazi. Kulirekebisha kungekuwa kukiri kosa mbele ya watu wote. Meneja alichagua kuliacha, na kumsogeza mmoja wa wale watatu wenye miwani.

Nilimpigia shangazi. Alisita. Mwaka mmoja ulikuwa umepita, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilimwambia sitamwambia "nadhani" safari hii. Nilimwambia saa.

Tulikaa mstari wa tatu. Pembeni yetu walikaa jirani yangu na mke wake, aliyevaa sari, na nyuma yetu watu walijaa hadi kwenye miamba. Kinamama wa Misungwi waliingia taratibu, kumi na wawili, kila mmoja amebeba kiti chake. Kiongozi alikuwa mwembamba, mwenye sauti iliyokatika kidogo kwenye noti za juu, na hakujaribu kuificha. Kufikia wimbo wa pili mabega ya shangazi yalikuwa yameanza. Kufikia wimbo wa tatu alikuwa anaimba maneno kabla hayajafika jukwaani, na wanawake wa mstari wa mbele wakageuka kumtazama.

Walipomaliza, binti wa masoko alitupitisha nyuma ya jukwaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Wale wawili walitazamana, kiongozi akamshika shangazi kidevu na kukigeuza kwenye taa, kama anayekagua hindi sokoni.

"Mbona kwenye wimbo wa tatu umeacha ubeti?" shangazi akamuuliza kwa Kisukuma.

Mwenzake akasema hakuna ubeti aliouacha. Shangazi akauimba, palepale, amesimama na mkoba begani. Yule mama akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema huo ubeti shangazi aliutunga mwenyewe wakati wa kuvuna pamba, na hata wakati ule haukuwa mzuri. Wakabishana. Wenzao kumi na mmoja wakakaa kwenye viti vyao na kuchukua pande. Dereva aliyekuja kuwarudisha Misungwi aliuliza mara tatu kama wako tayari, kisha akatafuta mahali pa kukaa.

Binti wa masoko alikuwa amesimama karibu nami, simu yake mkononi, ukurasa wa tamasha uko wazi. Aliniuliza kwa sauti ya chini wanasema nini. Nilimtafsiria yote, neno kwa neno, naye akawa anaandika.